Siku moja maishani mwangu: maiti ya siku kumi

Saa 1 asubuhi. Mochari. Mhudumu ananipa barakoa na kuniambia, "Daktari, wa leo ameharibika." Ameokotwa kichakani, mara ya mwisho kuonekana hai ni siku kumi zilizopita. Kwa joto hili la Pwani, siku tatu tu zinatosha mtu asitambuliwe na mamake.

Saa 2. Eksirei kwanza, kwa kuwa risasi haiozi. Hakuna risasi.

Saa 3. Napasua. Afande wa upelelezi ananionyesha wekundu puani: "Amepigwa huyu." Hapana. Gesi za uozo husukuma majimaji ya mapafu nje. Weusi wa mgongoni nao ni damu iliyotuama baada ya kifo. Uozo hufuta majeraha ya kweli na kuchora ya uongo. Hata pombe ikipatikana mwilini, huenda ni bakteria walioitengeneza.

Ila nawaamini mabuu. Hukimbilia macho, pua na kinywa, au penye kidonda. Leo wamejazana kwenye kiganja cha kushoto. Kwa nini kiganjani? Nasafisha mifupa polepole, karibu saa nzima. Kwenye vidole viwili kuna mikato midogo, iliyonyooka. Alishika makali ya kisu, akijikinga.

"Basi alichomwa," anasema afande. Nakagua mbavu zote, moja moja. Safi. Kisu kinaweza kupita katikati ya mbavu bila kugusa mfupa, na nyama ambayo ingenionyesha njia yake imekwisha.

Saa 6. Nafunga ini na mabuu kadhaa yapelekwe kwa Mkemia wa Serikali. Mabuu huhifadhi sumu waliyokula.

Saa 8. Naandika: chanzo cha kifo hakikubainika. Afande amekasirika. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Mingi ilionyesha njaa, mingine kunyongwa, na mingine ilikuwa imeoza mno isiweze kusema lolote. Sitaandika ambalo mwili haukuniambia. Lakini mikato ya vidole nimeieleza kwa milimita.

Saa 9. Mama yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Ameshatoa mate kwa ajili ya DNA.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Alikufaje?"

"Sijajua, mama. Najua huyu niliyemchunguza alijitetea. Kwa mkono wa kushoto."

Anaukunja mkono wake wa kushoto, anaufungua.

"Wangu alikuwa wa mashoto," anasema. "Tangu utotoni."