Moshi Uliotoka Chini ya Mpira wa Hewa

Gari ninaloandika habari zake lilitoka kiwandani Ujerumani mwaka 2002. Ni sedani yenye injini ya petroli ya lita 2.5, silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, viti ambavyo hadi leo vinanukia ngozi, na ukimya ambao, injini ikiwa nzima, hukufanya uangalie mshale kwenye dashibodi kuhakikisha kwamba halijazima. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, aliyelitunza vizuri, na nalipenda. Sitataja chapa yake, kwa sababu yaliyonipata yanaweza kulipata gari lolote la umri huo lenye mipira na plastiki za siku nyingi chini ya boneti.

Tatizo lilianza wakati wa masika. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, gari lilikuwa likimisi, kama wasemavyo mafundi wetu: lilitetemeka hadi kioo cha kutazamia nyuma kikacheza, sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka kati ya mizunguko 500 na 900 kwa dakika, kisha baada ya dakika chache hali ikatulia kana kwamba hakukuwa na kitu. Wiki ya pili taa ya injini ikawaka. Katika mwezi wa tatu tangu tatizo lianze likazuka jambo jingine. Nilikuwa katika foleni ya Ubungo, saa nane mchana, jua kali, injini ikazima bila onyo lolote. Stata ilizunguka kwa nguvu zake zote, lakini injini haikushika. Baada ya nusu saa ya kusukumwa pembeni na kusubiri, nilipogeuza ufunguo iliwaka mara moja. Niliyachukua mambo hayo mawili, la asubuhi na la mchana, kuwa ugonjwa mmoja, na dhana hiyo ilinichukulia miezi minane.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupimia. Magari ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 2001, kama yale yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996, yana soketi ya pini 16 ya aina moja chini ya dashibodi, kwa hiyo hata mashine ya bei ndogo huweza kusoma misimbo ya makosa. Ilisoma miwili: P0171 na P0174. Fundi akaniambia bila kusita kwamba sensa za oksijeni zimekufa. Nikanunua mbili. Alipozifunga akafuta misimbo, taa ikazimika, nikalipa, nikaenda nyumbani nimeridhika. Siku ya tatu taa ikarudi.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alifahamu, kwa kuwa limewapotezea watu wengi fedha zao. Taa kuzimika baada ya kufuta misimbo si ushahidi kwamba gari limepona. Kufuta misimbo hufuta pia yale ambayo kompyuta ya injini ilikuwa imejifunza kuhusu injini, na kwa makosa mengi ya aina hii kompyuta hutaka kuliona kosa lilelile katika safari mbili zinazofuatana kabla ya kuwasha taa. Kwa hiyo karibu spea yoyote utakayofunga, hata kama haihusiani kabisa na ugonjwa, itaonekana imetibu kwa siku moja au mbili. Ndivyo nilivyobadilisha plagi sita, kisha koili sita, kisha sensa ya mtumba ya kupima hewa inayoingia, na kila mara nikapewa siku mbili za matumaini. Nilipopiga hesabu ya risiti nilikuta nimetoa zaidi ya shilingi 1,600,000.

Misimbo ile miwili haikuwa inasema kwamba sensa za oksijeni ni mbovu. P0171 inasema mchanganyiko wa kundi la kwanza la silinda una hewa iliyozidi kiasi kinachofaa kwa mafuta yaliyopo. P0174 inasema hivyo hivyo kwa kundi la pili. Katika injini yangu kundi la kwanza ni silinda 1 hadi 3 na la pili ni 4 hadi 6, na kila kundi lina sensa yake kwenye ekzozi. Petroli huungua vizuri pale uzito wa hewa unapokuwa takriban mara 14.7 ya uzito wa mafuta. Sensa hunusa moshi unaotoka na kupeleka volti ndogo kwa kompyuta: karibu 0.1 hewa ikizidi, karibu 0.9 mafuta yakizidi. Sensa zangu za zamani zilikuwa zinaripoti hewa imezidi, na hewa ilikuwa imezidi kweli. Tulizitoa kazini kwa kosa la kusema ukweli.

Aliyenionyesha hayo ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo maeneo ya Gerezani, niliyepelekwa kwake na dereva wa teksi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mwanangu, spea umeshanunua za kutosha. Leo hatununui kitu, leo tunasoma." Hakuanza na misimbo. Alifungua ukurasa wa takwimu hai, zile namba zinazobadilika injini ikiwa inanguruma, akanionyesha mistari miwili ambayo hakuna fundi aliyekuwa amenitajia kwa miezi yote ile: asilimia ya marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu.

Kompyuta ya injini hupanga kiasi cha mafuta kwa kufuata hewa iliyopimwa na sensa ya hewa. Sensa za oksijeni zikisema hewa bado imezidi, kompyuta huongeza mafuta kidogo kidogo na kuandika kiasi ilichoongeza kwa asilimia. Gari zima hubaki karibu na sifuri, tano juu au tano chini. Langu, likiwa limesimama katika sailensi, lilionyesha marekebisho ya muda mrefu ya +21 kundi la kwanza na +19 kundi la pili. Kompyuta ilikuwa inamimina mafuta kwa moja ya tano zaidi ya hesabu yake yenyewe ili injini isizime. Mzee akanambia nikanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 na nitulie hapo. Nilikanyaga. Namba zilianza kushuka mbele ya macho yetu: 21, 17, 12, 8, zikasimama kwenye +4 na +5.

"Umeona?" akauliza. "Sasa nikueleze umeona nini."

Nitaeleza kwa maneno yangu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Makundi yote mawili yalikuwa na hitilafu karibu sawa, kwa hiyo chanzo kilikuwa mahali ambapo silinda zote sita zinashirikiana: njia ya hewa kabla haijagawanyika, au shinikizo la mafuta. Kama pampu ingekuwa dhaifu, hali ingekuwa mbaya zaidi injini inapotaka mafuta mengi, yaani kwenye mizunguko ya juu. Sensa ya hewa iliyochafuka nayo mara nyingi hukosea zaidi kadiri hewa inavyokuwa nyingi. Kwangu ilikuwa kinyume. Katika sailensi throto, ule mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini, imefungwa karibu yote, injini inanyonya kwa nguvu nyuma yake, na hewa inayohitajika ni kidogo. Tundu dogo likiwepo, hewa inayopenya bila kupimwa huwa sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga mafuta throto hufunguka, mnyonyo hupungua, hewa iliyopimwa huwa nyingi, na ile ya tundu humezwa. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta tundu baada ya sensa ya hewa, na tulilijua hilo kabla hata ya boneti kufunguliwa.

Utetemeko wa asubuhi nao ukapata maelezo. Sensa za oksijeni hazifanyi kazi hadi zipate joto la zaidi ya nyuzi 300. Dakika za mwanzo kompyuta haisikii lolote kutoka kwao, hutegemea hesabu yake tu, na hesabu yake haikujua habari ya hewa inayoingia mlango wa nyuma. Zikishapata moto, marekebisho yanaanza na injini inatulia.

Kutafuta tundu kwa macho kungechukua siku nzima, maana manifodi ya injini hii, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, imefunika mipira mingi. Mzee alitoa kopo alilolitengeneza mwenyewe, lenye mafuta ya watoto yanayochemshwa kwa umeme wa betri na mrija wa kupitishia upepo wa shinikizo dogo sana. Aliziba mlango wa chujio la hewa kwa mfuko na mpira, akaingiza mrija kwenye hosi moja ya manifodi, tukasubiri. Dakika mbili hazikuonyesha kitu. Kisha, chini ya mpira mkubwa unaounganisha sensa ya hewa na throto, ukaanza kupanda uzi wa moshi mweupe, mwembamba na wa taratibu kama wa ubani kwenye chetezo. Alimulika tochi. Mpira huo umetengenezwa kwa mikunjo ili ujipinde injini inapotikisika, na ufa ulikuwa ndani ya mkunjo wa chini, upande usioonekana kutoka juu, urefu wa kama sentimita tatu. Ukiugusa mpira bila kuuvuta, hakuna ufa. Ukiuvuta kidogo tu, mdomo unafunguka na ncha ya ukucha inaingia. Mafundi watatu waliubandua na kuufunga mpira ule walipobadilisha sensa ya hewa, na hakuna aliyeugeuza. Siwalaumu kwa kutouona. Nawalaumu kwa kutoutafuta.

Moshi ulitoka pia mahali pa pili, chini ya manifodi, kwenye valvu inayotenganisha oili na mvuke wa injini. Kuithibitisha hakukuhitaji mashine yoyote: injini ikiwa inanguruma, mzee alijaribu kufungua kifuniko cha oili, kikang'ang'ania kwa kunyonywa, na kilipotoka ukasikika mluzi huku sailensi ikiyumba. Ngozi nyembamba ya mpira ndani ya valvu ile ilikuwa imechanika, na injini ilikuwa ikivuta hewa kupitia tumbo lake lenyewe. Miaka zaidi ya ishirini ya joto la injini, joto la Dar es Salaam na mvuke wa oili huukausha mpira hadi ukakatika kama gamba.

Tulibadilisha mpira wa hewa, valvu na hosi zake nne zilizokatika vipande mikononi mwetu tulipozitoa. Baada ya kilomita kama mia moja marekebisho yalisoma +2 na +3 katika sailensi, na karibu namba hizohizo kwenye mizunguko 2,500. Asubuhi iliyofuata gari liliwaka na kutulia bila hata kikombe cha chai kutikisika juu ya boneti, nilikiweka makusudi.

Siku ya nane likazima Mwenge, mchana, kwenye foleni.

Nilimpigia mzee simu nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha duka. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja: stata inapozunguka, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi unafanya nini? Sikuwahi kuutazama. Nilirudi garini, nikageuza ufunguo, mshale ukabaki umelala kwenye sifuri huku injini ikizungushwa na stata. Unapaswa kuinuka kidogo. Akaniambia nisubiri, liwake, nimpelekee.

Mshale huo hupata habari zake, kupitia kompyuta, kutoka kwa sensa ya krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini; ni kipande kidogo kilicho kwenye bloku, yaani mwili wa injini, karibu na stata. Bila ishara yake kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, basi haitoi cheche wala haifungui nozo za kunyunyizia mafuta. Sensa ikizeeka, mara nyingi hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kukatika ikipata joto kali, na joto la bloku hupanda zaidi katika foleni ambako hakuna upepo wa mwendo. Kwenye gari langu haikuwa imeacha msimbo wowote, ndiyo maana kila mashine iliyochomekwa ilikuwa kimya juu ya jambo hili. Mzee hakutosheka na mshale. Aliliacha gari lingurume juani hadi likazima, akapima shinikizo la mafuta kwenye reli, bomba linalolisha nozo, akakuta bar 3.5, sawasawa na inavyotakiwa, akapima umeme unaofika kwenye soketi ya sensa akaukuta sawa, kisha akamwaga maji ya baridi kidogo kwenye sensa yenyewe. Nikageuza ufunguo. Likawaka papo hapo.

Sensa mpya iligharimu chini ya robo ya fedha niliyokwisha kutoa kwa kubahatisha. Mzee alinionyesha ile ya zamani: plastiki yake ilikuwa imebadilika rangi na kupata nyufa kama matope yaliyokauka.

Wiki iliyopita nililipeleka gari Morogoro na kurudi, karibu kilomita 400 kwa jumla. Pale Chalinze, foleni ikiwa ndefu na jua likiwa kichwani, lilinguruma katika sailensi kwa dakika arobaini na tano na mshale haukucheza. Mashine ndogo niliyoinunua sasa hukaa ndani ya gari. Usiku nilipofika nyumbani niliichomeka nikasoma +2 na +2, nikaziandika katika daftari pamoja na tarehe na kilomita. Nilipofungua boneti niliona hosi ya juu ya rejeta imeanza kuvimba karibu na klipu yake. Mpya nimeshainunua, na Jumamosi asubuhi nitakuwa Gerezani.