Siku moja nyuma ya kaunta ya dawa, Tabora

Saa 1 asubuhi. Nafungua duka la dawa muhimu hapa Ng'ambo. Ni Jumatatu, siku ya Panadol.

Saa 2. Kijana wa bodaboda anataka dawa ya maumivu iliyo kali. Namuuliza kwa sauti ya chini kama jana alikunywa. Wanzuki, anasema, hadi usiku wa manane, na tangu hapo hajala. Basi ibuprofeni simpi, wala aspirini, wala diklofenaki. Dawa hizo hudhoofisha utando unaolinda tumbo, pombe nayo inauchubua, na tumbo likiwa tupu linaweza kuvuja damu. Anywe maji, ale uji. Kwa kuwa si mnywaji wa kila siku, kichwa kisipotulia atameza Panadol mbili. Kuzimua na bia nyingine, hapana.

Wapo watoa dawa wanaomhubiria mnywaji mbele ya foleni. Naona wanakosea. Akiaibishwa atasema hanywi, kisha atapewa dawa isiyomfaa.

Adhuhuri kimya. Napanga rafu, nakula ugali.

Saa 8. Mama mmoja anamnunulia mumewe Panadol na dawa ya mafua. Mzee hunywa gongo kila jioni. Siku hizi anameza Panadol mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, na juu yake vidonge vya mafua. Nageuza pakiti nimwonyeshe: hivyo vya mafua navyo vina parasetamoli, dawa ileile iliyo ndani ya Panadol. Mtu mzima mwenye afya kikomo chake ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kwa mnywaji wa kila siku, wataalamu wengi hushauri asizidi gramu 2. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuka sumu ndani ya ini. Ini lina akiba ya kuizima, lakini pombe ya kila siku huongeza sumu hiyo na kula ile akiba. Njaa nayo hupunguza akiba hiyo.

"Anakula?"

"Tangu juzi anatapika tu, mwanangu."

Simuuzii kitu. Aende naye hospitali leo, na pakiti zote mkononi. Asingoje macho yawe ya manjano, maana hapo ini limeshaumia. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Saa 12 jioni. Vijana wanataka Panadol wameze kabla ya kwenda baa, wasiamke na hangova. Haisaidii: nguvu yake hudumu kwa muda wa saa 4 hadi 6, asubuhi imeshaisha. Wananunua maji.

Saa 2 usiku mama anapiga simu. Mzee amekubali, wako kwenye foleni ya kupimwa damu. Namwomba amtajie daktari gongo pia, asimfichie.