Kikaratasi kilichokunjwa mara mbili

Mahakama ya shirikisho, Marekani. Kesi ya mauaji, siku ya nne ya kusubiri.

Saa tisa alasiri jopo la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia limegonga mlango wa chumba chao kwa ndani. Askari wa mahakama akatoka na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Jaji akakisoma polepole: hawajaafikiana.

Familia mbili, benchi mbili. Hakuna aliyekohoa.

Wengi hudhani kesi imeishia hapo. Bado. Raia wote 12 lazima wawe na kauli moja, ana hatia au hana. Kwa hiyo jaji amewasomea maelekezo yaliyotokana na kesi ya Allen ya mwaka 1896: rudini, sikilizaneni tena, ila mtu asiuache msimamo wake wa dhati ili tu mmalize.

Hakuwauliza wamegawanyika wangapi kwa wangapi. Haruhusiwi! Angeuliza, wachache wangehisi wanasukumwa, na rufaa ingefuta hukumu.

Wakishindwa kabisa, kesi inavunjwa, lakini mashtaka yanaweza kusikilizwa upya mbele ya jopo jingine. Mashahidi wale wale, maumivu yale yale.

Wamerudi ndani. Kikaratasi kimebaki mezani, kimehifadhiwa kama sehemu ya kumbukumbu za kesi.

Mliowahi kuitwa kwenye jopo, mlango ukishafungwa mnaanzia wapi?