Idi hii naenda Arua ama nabaki Kampala?

Kemo ya kansa ilikwisha mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mionzi ikaisha Februari hii, na tangu hapo watu wa nyumbani wananiuliza kitu kimoja tu, si umeshapona, sasa unakuja lini? Mama yuko Arua, mimi Kampala, kati yetu kuna karibu kilomita 500, na Idi ndo hiyo wiki ijayo, mwezi ukiandama tunasali tarehe 13 Mei 2021.

Na mimi nataka kwenda, wallahi. Mwaka jana lokidauni ya korona ilitukuta nikiwa katikati ya matibabu, magari ya abiria yalisimamishwa tarehe 25 Machi, hata kufika hospitali ya Mulago ilikuwa lazima upate kibali cha RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, kwa hiyo mama hajaniona tangu nywele zinyonyoke. Ananiona kwenye simu tu, na anaona paji la uso peke yake, manake kamera haijui kuishika.

Nilimuuliza daktari. Nilidhani atazungumzia seli nyeupe za damu kama kawaida yake, wakati wa kemo zilikuwa zinashuka wiki moja hivi baada ya dawa na nikipata homa ya 38 natakiwa nikimbie hospitali hata usiku. Akaangalia karatasi akasema damu imerudi vizuri, shida yake yeye ni basi. Ukae masaa nane na zaidi, watu wamebanana, barakoa ziko kidevuni, ile amri ya kubeba nusu ya abiria iko kwenye tangazo tu. Alafu kuna hii tamoksifeni, dawa ya kansa ninayomeza kila siku, hiyo inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye miguu, na kukaa kitako safari nzima kunazidisha. Na mkono wa kushoto nao, walitoa tezi za kwapani, nikiuacha umening'inia muda mrefu unavimba mpaka pete inagoma kutoka, lazima nivae ile soksi ya kubana ambayo kwa joto la Pakwach, jamani, ujaribu mwenyewe.

Kwa hiyo nikawaza gari la shemeji. Tunaondoka alfajiri kafyu ikiisha, madirisha wazi, tunasimama Luweero, Karuma na Pakwach natembea kidogo, chakula nabeba changu. Hapo nikaona nimemaliza hesabu, hata Arua Park, stendi ya mabasi ya Arua hapa Kampala, sikanyagi.

Sasa usiku nimelala ndo nikakumbuka mama ana kisukari na amepita miaka 70. Sisi wote tunahesabu korona itakavyonipata mimi mgonjwa wa kansa, kumbe anayetoka Kampala kwenye korona nyingi ni mimi, na shemeji yuko dukani katikati ya watu kutwa. Mimi nimechanjwa dozi ya kwanza ya AstraZeneca, mkono wa kulia bila shaka, kwa sababu wagonjwa kama sisi tuliwekwa kwenye watu wa mwanzo. Waliozidi miaka 50 nao wamo. Mama hajaenda. Majirani wamemjaza maneno, ati ni ya kuua wazee.

Nikampigia. Nikamwambia mama nitakuja, ila sio Idi, kwanza uchanjwe, wiki tatu zipite mwili ujijenge, ndo nije, na nikija tutakaa barazani, sio ndani na wageni thelathini. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo daktari wako ana mama?" Nikasema sijui mama, sijamuuliza. "Basi muulize."

Nikamwachia dada mkubwa, yeye ndo anamuweza. Nimemwambia afanye haraka, zile dozi 864,000 zilizokuja Machi zilitoka India, na India saa hii inazika watu wake, haitoi chanjo nje, ndege zake zenyewe zimezuiwa kuingia hapa Uganda tangu tarehe 1, kwa hiyo nani anajua nyingine zitakuja lini. Dada kasema Jumatatu anampeleka, na mama amekubali kwa sharti kwamba nguo ya Idi niliyomnunulia itangulie na watu wa basi, yeye hawezi kusali na ya mwaka jana eti kwa sababu mimi naogopa basi. Kesho naituma. Mimi na shemeji, inshallah, mwanzo wa mwezi wa sita.