Usiku Nilipopata Tatu

Dadu lilibingirika juu ya kitambaa, likagonga sahani ya mahamri, likatulia. Tatu. Dadu la pande ishirini, na mimi napata tatu! Askari wangu alivaa deraya nzito na wepesi wake haukumwongezea hata alama moja, kwa hiyo tatu ikabaki tatu. Msimulizi akaandika orodha ya zamu, mwenye namba kubwa kwanza: mganga 17, mpiga upinde 15, majitu mawili kwa 12 yao, mimi mkiani. Nilikuwa nimetamani walau kumi na sita.

Ilikuwa Januari 2018, Saint Paul, Minnesota, theluji imeziba nusu ya dirisha la chini. Tulikuwa wanne sebuleni kwa kijana wa Mombasa, ambaye ndiye alikuwa msimulizi wetu. Mganga alichezwa na dada mmoja wa Bujumbura aliyekuwa akisomea uuguzi, mpiga upinde na kijana wa Goma, mdogo kuliko sote. Mimi ni mtu wa Tanga. Mchezo ulikuwa Dungeons & Dragons, toleo la 5, lile la mwaka 2014: mchezo wa mezani ambamo kila mmoja huigiza mhusika wake, na msimulizi huongoza hadithi na kuwachezea maadui. Nilifurahi sana nilipojua kwamba Dave Arneson, aliyeutunga pamoja na Gary Gygax na ukatoka mwaka 1974, alikuwa mtu wa Minnesota hiyohiyo. Huko ugenini, niliona kama nimekaribishwa kwenye kitu cha wenyeji.

Kule kurusha dadu ili kupanga orodha sisi tulikuita "kurushia zamu". Pambano linakwenda kwa raundi, kila raundi ni sekunde 6 za ndani ya hadithi, na orodha ikishaandikwa haibadiliki mpaka vita viishe. Mimi nililelewa na bao barazani. Kwenye bao, mkono wa mwenzako ukiwa mbaoni wako umetulia, basi. Hapa kuna jambo ambalo bao halina: kila mmoja, mtu hata jitu, ana jibu moja analoweza kulitoa nje ya zamu yake. Akishalitoa, hana jingine mpaka zamu yake irudi. Jibu linalojulikana zaidi ni pigo la kumkata anayeondoka: ukitoka mbele ya adui bila tahadhari, anakushushia rungu unapogeuka. Unaweza kujitoa kwa hadhari asikuguse, lakini hapo umeshatumia tendo lako la zamu nzima.

Raundi ya tatu tuliangusha jitu moja. Jitu la pili likamwangusha mpiga upinde. Anayeanguka hivyo hurusha dadu kila zamu yake inapofika: kumi na zaidi ni nafuu, tisa kushuka ni hatua kuelekea kaburini, na hatua tatu ndizo mwisho. Raundi ya nne mganga alitumia dua yake ya mwisho kunitibu mimi, maana nilikuwa nimebakiwa na alama mbili za uhai. Akanifikisha tisa. Mara ikaingia zamu ya kijana wa Goma, akarusha, akapata moja. Moja huhesabiwa hatua mbili kwa mkupuo. Hakuna aliyesema kitu. Mhusika yule alikuwa amemchora mwenyewe kwa penseli, mpaka nyuzi za upinde.

Jitu likampiga mganga, akabaki amesimama. Zamu ikanifikia.

"Kaka, lipige," kijana wa Goma akaniambia. "Limechoka hilo."

Upanga nilikuwa nao, na nilitaka sana kulipiga. Lakini niliikodolea macho ile orodha. Baada yangu, mganga. Baada ya mganga, yule aliyelala. Kisha ndipo jitu. Dada alikuwa na mkoba wa dawa ambao humtuliza majeruhi bila hata kurusha dadu, ila majeruhi alilala futi ishirini nyuma, kwenye koo la pango, na jitu lilikuwa limembana dada. Akijitoa kwa hadhari, hana tendo la kufungua mkoba. Akikimbia tu, rungu linamshukia. Labda jitu liwe limeshatoa jibu lake.

"Nakwepa," nikasema. "Halafu narudi nyuma futi kumi."

Kukwepa si kukaa bure. Ni tendo zima la zamu, na mpaka zamu yako irudi, kila anayekupiga hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Jitu huongezewa sita juu ya dadu lake, kwa hiyo lilihitaji kumi na mbili au zaidi kuifikia kinga yangu ya 18, yaani mara tisa katika ishirini. Kwa dadu mbili, inashuka hadi kama mara moja katika tano. Pigo lake la kawaida ni alama kumi na tatu, nami nilikuwa na tisa.

Msimulizi alinitazama, akaelewa. Jitu halina akili nyingi, naye alilicheza kwa haki: likanishushia rungu nilipogeuka. Kumi na saba, na nane. Akachukua nane. Rungu likapiga mwamba.

Dada alikuwa ameshaanza kuhesabu miraba ya ramani kwa kidole. Akapita ubavuni mwangu, akapiga magoti, akafungua mkoba. Kijana wa Goma hakulazimika kurusha tena.

Jitu likanifuata. Kumi na tisa, na kumi na mbili. Kumi na mbili na ile nyongeza yake ya sita ni kumi na nane, na sare ni ya mpigaji. Nikaanguka pale pale kooni mwa pango. Zamu yangu ikafuata, nikarusha kumi na nne, nafuu moja. Kisha dada akasimama juu yangu na rungu lake mwenyewe, akarusha kumi na sita, na jitu likaenda chini.

Usiku ule tulilisukuma gari la dada kwenye theluji, sote wanne. Tulipofika Snelling Avenue, kijana wa Goma akaniuliza kutoka kiti cha nyuma: "Kaka, ungepata ile kumi na sita uliyoitaka?"

Nikaipanga orodha upya kichwani: dada kumi na saba, mimi kumi na sita, yeye kumi na tano. Dada angeanza kukimbia kabla yangu, jitu likiwa bado halijatoa jibu lake.