Kabla mshahara haujaingia

Jumapili jioni, mwisho wa mwezi

Kesho au keshokutwa mishahara ya watu wengi hapa Nairobi itaingia. Jioni ya leo nimekaa nikiwaza jambo moja kuhusu madeni madogo madogo ya simu: si ukubwa wake unaoumiza, ni nani anayeamua pesa itoke lini. Mtu anaweza kuwa na mkopo wa sakko wa shilingi 60,000 na akalala vizuri, ilhali jirani yake mwenye Fuliza ya 4,000, ule mkopo wa M-Pesa unaoziba pengo salio lisipotosha, hana amani mwezi mzima. Mkopo wa sakko una tarehe yake na kiasi chake. Fuliza haingoji tarehe. Pesa yoyote ikigusa M-Pesa, iwe ni mshahara, mchango wa chama au nauli uliyotumiwa na dada yako, inachukua chake kwanza. Unabaki kupanga matumizi ya pesa ambayo huna hakika utaiona.

Kwa hiyo kazi ya kurudisha pesa mkononi huanza kabla mshahara haujaingia, na huanza kwa karatasi. Toa taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu kupitia programu yao au *334#. Itakuja kwa barua pepe, na nambari ya kuifungulia itakuja kwa SMS. Isome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Usitafute kwanza "anasa", maana kila mtu huanza hapo na huishia kujilaumu kwa soda na chapati. Tafuta ada. Kutoa pesa kwa wakala, iwe ni shilingi 101 au 2,500, hukatwa shilingi 29 zile zile. Anayetoa 300 mara nne kwa wiki hulipa 116, na angetoa 1,200 mara moja angelipa 29. Ukilipa kwa till, yaani nambari ya malipo ya dukani, hukatwi kitu. Majina ya kampuni za kamari pia yatajitokeza hapo wazi, na jumla ya miezi mitatu huonyesha ukweli ambao dau la shilingi 50 huuficha.

Kisha andika kila deni kwenye ukurasa mmoja ukiwa na mambo matatu: kiasi, bei yake, na siku inayopanda. Hilo la tatu ndilo watu husahau, nami naona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa 50,000. Kwa viwango vya mwishoni mwa 2025, NSSF (pensheni) ni 3,000, SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 ni 1,375, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 750, na PAYE (kodi ya mapato) kama 5,850. Mkononi hubaki karibu 39,000. Tuseme anadaiwa Fuliza 4,000, mkopo wa simu wa M-Shwari 6,000, mkopo wa programu moja ya simu 5,000, duka la mtaani 2,300 na rafiki 5,000. Jumla ni 22,300. Kodi ya nyumba 11,000, nauli ya siku 22 kwa 200 ni 4,400, chakula 12,000, stima na maji na gesi 3,000, akiba ya karo 2,500, michango 1,000. Hayo ni 33,900. Kinachobaki cha kulipia madeni ni 5,100 tu.

Hapa ndipo wengi hukosea, na hukosea kwa nia njema. Siku ya mshahara anaona aibu ya deni, analipa Fuliza, M-Shwari na ile programu kwa mkupuo, jumla 15,000, na anahisi amepumua. Amebakiwa na 24,000 kwa matumizi ya 33,900. Akishalipa kodi na kununua chakula cha wiki mbili, mwezi haujafika nusu na anaanza kuhesabu nauli. Ifikapo tarehe 20 hivi amefuliza tena, na vikomo vyake vya kukopa vimeongezwa kwa sababu "amelipa vizuri". Hajapungukiwa na nidhamu. Amelipa deni kwa pesa ya unga, na unga lazima ununuliwe. Chakula, kodi na nauli vitengwe kwanza, hata kama anayedai anapiga simu. Ukiweza, nunua siku hiyo hiyo unga, mafuta, mchele, gesi na token za stima za mwezi, ili pesa hiyo isibaki kwenye simu ikingoja kuchukuliwa.

Sasa zile 5,100 ziende wapi? Tuangalie siku ambayo kila deni linapanda bei.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutoza asilimia 1 unapoichukua, halafu ada ya kila siku. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2022, deni lolote kati ya 2,501 na 70,000 hutozwa kama shilingi 25 kwa siku. Yaani 4,000 ikikaa siku 30 inagharimu takriban 790, karibu asilimia 20 kwa mwezi mmoja. Anayedaiwa 2,600 hulipa ada ile ile ya kila siku, kwa hiyo kwake ni karibu asilimia 30. Na kwa kuwa ada imewekwa kwa ngazi, kulipa 1,000 kati ya 4,000 hakukupunguzii hata senti ya ada ya kesho. Bado uko kwenye ngazi ile ile. Ukishusha deni hadi 1,000, ada inashuka hadi kama shilingi 6. Kwa hiyo Fuliza hulipwa yote, au hulipwa hadi uvuke ngazi. Kuidonoa kidogo kidogo ni kupoteza pesa.

M-Shwari, ya Safaricom na benki ambayo sasa ni NCBA, ilianza Novemba 2012 na ina tabia tofauti kabisa. Hutoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30, na ushuru wa serikali juu ya ada hiyo. Ada ya 6,000 ni 450 kabla ya ushuru, na ni hiyo hiyo ukilipa siku ya tano au ya 29. Haraka haina thawabu hapa, ila labda kikomo kikubwa zaidi, na hicho mtu anayejinasua hakihitaji. Siku ya 31 ndiyo mbaya: asilimia 7.5 nyingine huongezwa. Anayelipa na kukopa tena kila mwezi hulipa 450 mara 12, yaani 5,400, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa 6,000 zile zile.

Ndiyo maana nasema Fuliza iondolewe kwanza hata pale ambapo si deni kubwa kuliko mengine. Siku mshahara unapoingia benki, usiuhamishie wote kwenye M-Pesa. Hamisha kiasi cha kulipa Fuliza yote, kisha piga *234# au fungua programu, ingia sehemu ya Fuliza na ujiondoe kabisa. Deni la Fuliza lazima liwe sifuri ndipo mfumo ukukubalie. Najua kujiondoa kunatisha. Mtu huwaza, je, mtoto akiugua usiku? Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni akiba ya dharura, hata 2,000 tu, ambayo tutaifikia hapa chini.

Kwa M-Shwari na ile programu, mwanachama wa sakko ana njia nzuri. Sakko nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Mkopo wa dharura wa 11,000 kwa miezi 12 ni makato ya kama 977 kila mwezi, na riba ya mwaka mzima haifiki 750. Mwenye akiba ya 4,000 anastahili. Lakini kumbuka wadhamini: usipolipa, akiba yao ndiyo itakayokatwa, na urafiki wa kazini huvunjika hapo. Pia sheria ya ajira ya 2007 hairuhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo mwenye mikopo mingi ya kukatwa kazini atakuta nafasi imejaa. Mkopo wa sakko ukiingia, lipa yale madeni mawili saa hiyo hiyo na ufute programu kwenye simu. Kinachoharibu njia hii ni pesa kulala kwenye akaunti siku mbili, zikapata kazi nyingine.

Hapo mwezi wa kwanza unakuwa: Fuliza 4,000, duka 1,100. Wa pili: sakko 977, duka 1,200 na kumaliza, rafiki 2,900. Wa tatu: sakko 977, rafiki 2,100 na kumaliza, na 2,000 na ushee ya dharura. Baada ya hapo umebaki na deni moja lenye tarehe moja.

Asiye na sakko atakwenda polepole. Mwezi wa kwanza aue Fuliza, akubali M-Shwari isukumwe mbele mara moja kwa ada ya 450, mwezi wa pili aelekeze nguvu zote huko. Hustler Fund, iliyoanzishwa Novemba 2022, ni nafuu kwa riba, asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 1,000 kwa siku 14 ni riba ya kama shilingi 3. Ila asilimia 5 hubaki kama akiba, kwa hiyo mkononi unapata 950, na siku 14 ni chache kwa anayelipwa mwisho wa mwezi. Inafaa kuziba pengo la wiki ya mwisho badala ya kufuliza. Haifai kulipia deni la muda mrefu.

Kuhusu madeni ya duka na rafiki, wengi huyaweka mwisho kwa kuwa hayana riba. Mimi nayapandisha juu. Mwenye deni dukani hawezi kununua unga kwingine kwa bei nafuu bila kuonekana anamkimbia mwenye duka, na kitabu cha mkopo hakina mtu wa kukikagua ila wewe; omba kukiona na mkijumlishe pamoja. Rafiki naye mwambie tarehe na kiasi kabla hajauliza. Akipata 2,900 siku uliyosema, 2,100 atazingoja bila kinyongo.

Wakopeshaji wa programu wanapopiga simu kwa hasira, ni vizuri kujua mipaka yao. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza kutisha, kutukana, au kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu ili kukuaibisha. Wanaofanya hivyo wanaweza kushtakiwa kwa Benki Kuu na kwa ofisi ya kamishna wa kulinda data. Tazama kama kampuni imo kwenye orodha ya waliopewa leseni. Omba mpango wa malipo kwa maandishi, na ukiahidiwa msamaha wa adhabu usilipe mpaka upate ujumbe unaotaja kiasi. Deni linabaki deni, lakini heshima yako haikuwa dhamana.

CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo, nayo ina watu wanaojipatia riziki kwa hofu za wengine, wakidai wanaweza "kusafisha jina" kwa shilingi elfu kadhaa. Hawawezi. Aliyekuorodhesha ndiye hupeleka taarifa kwamba umelipa. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kila mojawapo ya mashirika hayo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika 1,000 halipaswi kukuorodhesha. Historia ya kuchelewa hubaki miaka mitano baada ya kulipa, ila ikionyesha kuwa umelipa. Hifadhi SMS zote za malipo. Simu ikipotea nazo, umepoteza ushahidi wako.

Matumizi ya kila siku yana kosa moja la hesabu linalorudi kila mahali: kugawa mwezi kwa nne. Chakula cha 12,000 kwa wiki nne ni 3,000 kwa wiki, na mwezi wa siku 31 unabaki na siku tatu zisizo na kitu. Gawa kwa siku: 387. Kwa wiki ni 2,700. Ukishanunua vya jumla siku ya mshahara, toa gharama yake kwanza, kisha ugawe kinachobaki. Kila Jumatatu jitumie fungu la wiki kutoka benki, na benki yenyewe usiiguse hadi Jumatatu nyingine. Wiki ikikatika Jumamosi, kula sukuma na maharagwe. Usivute ya wiki ijayo, maana wiki ya nne haina ya kuvuta.

Na michango. Ratiba nyingi hufa hapa kwa sababu mtu ameandika sifuri, kana kwamba hakutakuwa na matanga wala harusi wala mgonjwa. Kutakuwa. Weka 1,000, na ikikwisha waambie jamaa kwamba utachanga mwezi ujao. Wengi huelewa kuliko tunavyodhani. Karo nayo hurudi Januari, mwishoni mwa Aprili na Agosti, miaka yote. 2,500 kwa mwezi ni 30,000 kwa mwaka, na shule nyingi hukubali malipo ya awamu kwenye paybill yao hata muhula haujafunguliwa. Itume huko moja kwa moja siku ya mshahara, pamoja na kodi, kabla ya saa sita mchana.