Lesi ndani ya shavu langu

Fundi wa nguo ana mikono miwili tu, kwa hiyo mdomo ndio mkono wa tatu. Miaka kumi na tisa hapa sokoni Kibuye, Kisumu, nimekuwa nikibana pini kati ya midomo, tano au sita kwa mpigo, huku nikimpima mteja na kumsengenyea shemeji yake. Vidonda vya mdomo vilipoanza, kila mtu alikuwa na jibu tayari: ni hizo pini. Jirani yangu wa viatu vya mitumba aliniapia kuwa kutu imeingia damuni.

Ilianza na ndimu. Nilikuwa nakula ngege wa kukaanga, tone moja tu la ndimu likagusa shavu la ndani, nikaruka kutoka kwenye kiti. Wiki iliyofuata ikawa chai. Halafu dawa ya meno. Mwisho nilikuwa nangoja mrenda upoe kabisa kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Kliniki ya kwanza walinimulika sekunde tatu, wakaona weupe, wakasema fangasi. Daktari akashusha sauti akaniuliza kama nimepima virusi vya Ukimwi. Swali halikuniudhi. Huku kwetu tumezika watu wengi, na fangasi ya mdomo mara nyingi ndiyo ilikuwa hodi ya kwanza. Nilipima, sina. Nikapewa matone ya nistatini, yale ya njano matamu, nikamaliza chupa nne kwa miezi mitatu. Weupe ulikaa pale pale. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuna aliyechukua kitambaa cha shashi akajaribu kuufuta. Ule utando wa fangasi kwa kawaida hufutika na kuacha wekundu chini yake. Wangu haukubanduka hata kidogo.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa na gauni la komunyo mkononi. Nikawasha tochi ya simu, na kwa kuwa kioo kilikuwa mbele yangu, nikavuta shavu kwa kidole nikachungulia. Nikaona lesi. Michirizi myeupe, myembamba, inakutana na kuachana, na vitundu kati yake, sawasawa na ile niliyokuwa nashonea pindo. Nikavuta shavu la pili: lesi ileile, kana kwamba mtu amekata vipande viwili kwa patani moja. Hapo nikaacha kuzilaumu pini. Mimi hubana pini mbele, kati ya midomo. Pini gani ingefuma nyuma kule, tena pande zote mbili?

Daktari wa magonjwa ya kinywa niliyempata baadaye alicheka nilipomwambia habari ya lesi, kisha akaacha kucheka. Akasema wao pia huiita hivyo. Michirizi hiyo ina jina la Wickham, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1895, na ugonjwa wenyewe, laikeni planasi, ulielezwa na Erasmus Wilson huko London mwaka 1869. Akaniuliza kama natumia dawa za presha, kama nina jino lililozibwa kwa madini ya fedha, kama ngozi ya vifundo vya mikono inaniwasha. Kuna dawa na madini yanayoweza kuleta alama zinazofanana kabisa na hizi.

"Mama, jicho langu linasema ni laikeni," akaniambia, "lakini jicho halitoshi. Lazima tukate."

Ganzi ndiyo iliuma. Alitoa vipande viwili, kila kimoja kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Cha kwanza kiliingia kwenye formalini, cha kusomwa kwa darubini. Cha pili kikatiwa maji mengine, maana formalini ingeharibu kile kinachotafutwa na kipimo cha mwanga, kipimo kinachosaidia kutenga laikeni na pemfigasi, ugonjwa mwingine wa malengelenge ambao hauchezewi. Kisha akashona. Mishono miwili, uzi wa kuyeyuka, mafundo manene kweli. Nilinyamaza, lakini mwanafunzi wangu wa cherehani angeyafumua.

Majibu yalithibitisha. Askari wa mwili wangu wenyewe, seli zinazoitwa T, wanashambulia tabaka la chini la ngozi laini ya mdomo. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, jambo ambalo mume wangu alitaka kulisikia mara mbili. Takriban mtu 1 kati ya 100 wenye ugonjwa huu huja kupata saratani ya mdomo, ndiyo maana nachunguzwa kila miezi sita, na kidonda chochote kikizidi wiki mbili naenda bila kungoja tarehe.

Dawa ni steroidi ya kusukutua, ya kuwatuliza hao askari. Dakika chache, natema, sili wala sinywi nusu saa. Nikamuuliza, mnajuaje kuwa inafanya kazi? Akachora mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi: huku mwanzo hakuna maumivu, kule mwisho ni maumivu yasiyovumilika. Weka alama ya leo, akasema. Nikaweka kwenye 7. Ndivyo tafiti nyingi hupima, akaeleza: wengine wanapewa dawa, wengine dawa bandia, hakuna anayejua amepata ipi, kisha mistari inalinganishwa. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti za steroidi kwa ugonjwa huu, wakapata 35, na wagonjwa wote pamoja hawakufika 1,500. Walichoweza kusema ni kwamba steroidi ya kupaka au kusukutua huenda inapunguza maumivu, na ushahidi wenyewe ni dhaifu. Kila kundi la watafiti lilipima kwa njia yake.

Hilo nililielewa kuliko yote. Fundi mmoja anapima kiuno kitovuni, mwingine juu ya nyonga, halafu unaletewa vipimo vya wote wawili ushone sare za darasa zima. Utazishonaje?

Mwezi wa pili wa kusukutua, alama yangu ilishuka hadi 3. Mwezi huohuo ukatokea weupe mpya, na huu ulifutika. Steroidi hulegeza ulinzi, fangasi wakapata nafasi. Nikarudi kwenye matone yaleyale ya njano, safari hii kwa haki. Nilipoyaona dirishani kwa kemisti nilitaka kulia na kucheka.

Lesi bado ipo. Ndimu bado siigusi, ila chai ya moto nimerudia, na dawa ya meno nimebadilisha kwa ile isiyo na povu jingi. Pini nazo sasa nazichomeka kwenye kimto nilichokifunga mkononi kama saa. Si kwamba zilikuwa na kosa. Daktari alisema tu mdomo huu usikwaruzwe bure. Lakini mteja akisimama mbele yangu na pindo halijakaa sawa, mkono bado hupanda mdomoni wenyewe, unatafuta pini.